Jumuiya ya watumia Python

Kwa Kiingereza husemwa “user group”: watu wanaotumia chombo kimoja, tuseme lugha ya Python au mfumo wa Linux, ambao hukutana ana kwa ana kusaidiana, bila kujali nani kaajiriwa wapi. SHARE, mojawapo ya za mwanzo kabisa, ilianzishwa mwaka 1955 na watumiaji wa kompyuta ya IBM 704 wa eneo la Los Angeles. Kila kampuni ilikuwa ikijiandikia programu ambazo jirani yake alishaziandika, basi wakaamua kubadilishana.

Wengi hutafsiri “kikundi cha watumiaji”. Tafsiri hiyo hainiridhishi. Hapa mjini Moshi ukitaja kikundi, mtu atakuuliza hisa ni shilingi ngapi na mkopo unatoka lini. “Chama” nacho kina katiba, kadi na mwenyekiti. Katika mji wa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa ulioanzishwa 1933, neno hilo lina kazi yake.

Neno lifaalo tunalo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani ina ofisi yake hapahapa Moshi. Tena tangu kabla ya ukoloni Wachaga wana mifongo, mifereji inayochepusha maji ya mito ya mlimani hadi migombani. Wanaotumia mfongo mmoja huitana kuuzibua, na asiyefika hutozwa faini. Kwa hiyo nasema jumuiya ya watumia Python: aliyeonja maji ndiye anayeshika jembe.

Na mji huu unaihitaji. Msanidi programu wa Moshi mara nyingi yuko peke yake ofisini: mmoja kwenye kampuni ya kupandisha watalii, mwingine hospitalini, mwingine kwenye SACCOS. Wote wanahangaika na jambo lilelile, kuunganisha malipo ya simu na mfumo wa ofisi, kila mtu kwa usiku wake. Anayetaka kuwapata aanze vyuoni, kisha apite ofisi hizo akiulizia fundi wa mfumo. Wakipatikana watatu wanatosha. Wachague Jumamosi moja ya mwezi isiyobadilika, na mkutano wa kwanza usiwe wa kuchagua viongozi. Mmoja afungue kompyuta yake, aonyeshe mistari ya programu inayopokea malipo ya M-Pesa, na wenzake waulize.