Kobe aliyefundisha watoto kuamuru kompyuta

Je, mzazi asiye na kompyuta anaweza kumsaidia mtoto wake kuanza kujifunza kuandika programu? Historia inajibu: ndiyo.

Mwaka wa 1967, huko Marekani, Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Wakati huo kompyuta zilikuwa kubwa na za bei kali. Baadaye Logo ikapata "kobe", roboti ndogo iliyotembea sakafuni ikichora mstari. Mtoto aliiamuru: mbele hatua 100, kulia digrii 90. Akirudia mara 4, mraba umekamilika.

Mtoto akikwama, Papert alitaka asimame, atembee mwenyewe kama kobe. Hapo kosa lilionekana, na kosa lilikuwa kitu cha kurekebisha, si cha kuadhibiwa. Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka wa 2007, ilirithi wazo hilo.

Kwa familia zilizokimbia makwao, somo hili la kwanza halihitaji umeme. Mtoto mmoja aamuru, mwenzake atembee, mzazi aulize: "Ni amri gani imempoteza?" Siku kompyuta itakapopatikana, itamkuta mtoto ameshaanza.