Boksi la TV: Jinsi ya kutumia programu za simu kwenye televisheni bila kupoteza bando wala siri zako

Habari hizi ni kwa ajili yako ikiwa unaishi Mantapala, Nchelenge, Kashikishi au Chienge, na wewe, familia yako au kikundi chenu mnataka kununua boksi la TV au tayari mnalo. Utajua programu zipi zinafaa kuwekwa humo, zipi zibaki kwenye simu, na mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa.

Kwa kifupi

- Boksi la TV ni kama simu ya Android isiyo na kioo wala laini. Linahitaji televisheni, umeme na intaneti.
- Programu za video, redio na masomo hufanya kazi vizuri. Programu za pesa, WhatsApp na barua pepe yako ziache kwenye simu.
- Usinunue boksi linaloahidi "chaneli zote bure".
- Boksi linalotumiwa na watu wengi liwe na akaunti yake peke yake.

Boksi la TV ni nini?

Watu wengi hulichanganya na dekoda. Dekoda hupokea chaneli kwa dishi au antena. Boksi la TV hupokea kila kitu kwa intaneti, kwa hiyo bando likiisha, linabaki kucheza faili zilizo kwenye flashi au zilizohifadhiwa ndani yake.

Kuna aina mbili kuu. Aina ya kwanza hutumia Android iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni na kuidhinishwa na Google. Duka lake la Google Play huonyesha tu programu zinazofaa televisheni. Aina ya pili ni Android ya kawaida iliyowekwa ndani ya boksi, na skrini yake hufanana na ya simu kubwa. Aina hii huwa rahisi kwa bei, lakini mara nyingi haina idhini ya Google.

Si kila boksi hutumia Android. Roku na Apple TV, kwa mfano, haziwezi kufungua programu za simu ya Android. Uliza kabla ya kununua.

Programu zipi zinafanya kazi?

*Zinazofaa:*

- YouTube, pamoja na VLC ya kucheza filamu na nyimbo kutoka kwenye flashi.
- Redio za intaneti. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo iliyoanza mwaka 2002, hutangaza pia kwa Kiswahili.
- Kolibri, programu ya masomo. Unapakua masomo mara moja, kisha watoto wanayatumia bila intaneti. Inaweza kumsaidia mtoto aliyesoma kwa Kifaransa Kongo na sasa anasoma kwa Kiingereza Zambia.
- Kiwix, inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila bando ukishaipakua.

*Zinazosumbua:* programu zilizotengenezwa kwa kidole. Rimoti haiwezi kugusa kioo, hivyo utahitaji mausi ya USB. Nyingine hujaribu kuonyesha picha ikiwa imesimama, na sehemu yake hukatika. Michezo mizito hukwama kwa sababu maboksi mengi ya bei ndogo yana kumbukumbu ya GB 1 au 2 tu.

*Usiziweke:* programu za Airtel Money, MTN MoMo, Zamtel Money au benki. Hata kama zingefunguka, nambari yako ya siri ingeonekana kwenye skrini ya inchi 32 mbele ya kila aliyeketi chumbani.

Jinsi ya kuweka programu

1. Unganisha boksi na televisheni kwa waya wa HDMI. Kama televisheni yako ni ya zamani, tafuta boksi lenye tundu la AV, lile la waya wa rangi tatu.
2. Washa hotspoti ya simu, iwekee nenosiri, kisha unganisha boksi.
3. Fungua Mipangilio (alama ya gurudumu lenye meno) na uchague lugha. Kifaransa kipo, na mara nyingi Kiswahili pia.
4. Ingia Google Play kwa akaunti mpya ya boksi, si ile ya simu yako.
5. Tafuta programu na uisakinishe. Kisha zima masasisho ya kujiendesha ndani ya Google Play ili yasile bando usiku.

Programu isipopatikana dukani, mtu anaweza kukupa faili lake kwenye flashi. Boksi litakuuliza kama unaruhusu programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Ruhusu tu kama faili limetoka kwenye tovuti ya wenye programu wenyewe, kama VLC au Kiwix. Ukimaliza, zima ruhusa hiyo.

Bando litatosha?

Video ya ubora wa kati (480p) hutumia takriban GB 0.7 kwa saa. Kwa GB 1 utatazama kama saa moja na nusu. Video ya HD inaweza kufika GB 3 kwa saa, na boksi huichagua lenyewe kwa sababu linaona skrini ni kubwa. Punguza ubora ndani ya YouTube kila unapoanza kutazama.

Redio ni nafuu zaidi. Kituo cha kawaida hutumia chini ya MB 60 kwa saa, kwa hiyo GB 1 inaweza kukupa zaidi ya saa 16. Kama shida yako ni kusikia habari za nyumbani, redio itakupeleka mbali kuliko video.

Mkimaliza kutazama, zima hotspoti. Kuzima televisheni hakuzimi boksi.

Umeme wa sola

Boksi hula takriban wati 5 hadi 10. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula wati 30 hadi 60. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 isitumiwe zaidi ya nusu, yaani takriban Wh 600. Kama vyote viwili vinakula wati 60, mtatazama kwa saa 8 hadi 9, ukitoa kinachopotea kwenye inveta.

Maboksi mengi hutumia volti 5. Usiliunganishe moja kwa moja na betri ya volti 12, litaungua. Angalia pia plagi: soketi nyingi za Zambia ni za pini tatu za mraba, na maboksi mengi huja na pini mbili za mviringo.

Kwa nini maboksi mengine ni hatari?

Mwaka 2023 wataalamu wa usalama walikuta maboksi ya bei rahisi, yakiwemo ya aina ya T95, yakiwa na programu hasidi tangu yalipouzwa. Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ilitangaza kwamba maboksi takriban milioni 1.3 katika nchi karibu 200 yalikuwa yameambukizwa. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu mtandao mwingine uitwao BADBOX 2.0.

Boksi lililoambukizwa huendelea kuonyesha filamu kama kawaida. Lakini wahalifu wa mbali hupitisha ulaghai wao kwenye intaneti yako, na bando lako ndilo linaloliwa. Nchini Zambia kila laini husajiliwa kwa jina la mtu. Kama unatumia laini iliyosajiliwa na jirani aliyekusaidia, yeye ndiye anayeweza kuulizwa kwanza.

Liogope boksi ikiwa:

- muuzaji anaahidi mechi zote na filamu zote bila kulipa;
- halina jina la kampuni unayoweza kuitambua;
- linakutaka uzime Play Protect, kinga ya Google;
- bando linapungua wakati hakuna anayetazama.

Kabla ya kulipa, omba boksi liwashwe. Fungua Google Play, nenda Mipangilio, kisha Kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa. Kama hakijaidhinishwa, usikichukue. Kama tayari unalo boksi la namna hiyo, litumie kwa faili za flashi tu, bila intaneti.

Linda siri zako

Kwenye kibanda cha video au nyumba ya jirani, kila anayeshika rimoti anaweza kuona akaunti iliyo wazi. Ikiwa ni akaunti ya simu yako, ataona ulichotazama, na huenda pia picha za ndugu waliobaki Kongo. Kwa mtu aliyekimbia kwa sababu kuna wanaomtafuta, picha moja inaweza kuwaonyesha wengine alipo.

- Kama uliwahi kuingia kwenye boksi la mtu mwingine, fungua akaunti yako ya Google kwenye simu, nenda Usalama, kisha Vifaa vyako, uliondoe boksi hilo.
- Kabla ya kuuza boksi au kulipeleka kwa fundi, rejesha mipangilio ya kiwandani.
- Usimpe mtu yeyote nambari ya uthibitisho iliyokuja kwa ujumbe mfupi, hata akisema ni fundi wa boksi.

Ukipata tatizo

Pesa zikitoka kwenye simu yako bila wewe kujua, piga simu mara moja kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako ili wazuie akaunti, kisha toa taarifa polisi. Kama unahofia kwamba habari zako zimefika kwa mtu anayeweza kukudhuru, nenda ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi (COR) kwenye makazi na uombe kuzungumza na afisa faraghani.

Kama huna haja ya boksi, usinunue. Simu nyingi za Android zinaweza kurusha skrini yake moja kwa moja kwenye televisheni za kisasa. Tafuta alama ya kurusha skrini kwenye simu yako, uijaribu kwanza. Utaona picha ileile, na siri zako zitabaki mfukoni mwako.