Seminari, semina na neno malezi

Neno la Kilatini seminarium lilikuwa na maana ya kitalu, mahali ambapo mbegu huoteshwa na miche kutunzwa kabla ya kuhamishiwa shambani. Kiswahili kimelipokea mara mbili, kwa milango miwili tofauti. Kupitia kwa wamisionari tulipata seminari, nyumba anamoishi na kusomea kijana anayetaka kuwa padri. Kupitia vyuo vikuu na ofisi tulipata semina, mkutano wa siku moja au mbili, wenye mtoa mada, daftari na chai ya saa nne. Mseminari hupelekwa seminari, na katekista anayeongoza ibada ya Jumapili kigangoni hupelekwa semina. Kati ya maneno hayo mawili lipo la tatu, formatio, ambalo Wakatoliki wa Afrika Mashariki hulitafsiri malezi. Hoja yangu ni kwamba malezi ni tafsiri nzuri kuliko zote tulizo nazo, ila tumeliachia wakleri peke yao huku walei tukiwagawia mafunzo na semina. Mgawanyo huo hauna msingi katika mafundisho ya Kanisa wala katika lugha yetu, na mahali kama Mashuuru, eneo la wafugaji nchini Kenya, unaumiza.

Neno malezi halikuokotwa njiani. Tarehe 15 Julai 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza majimbo yawe na vyuo vya kuwaandaa wavulana kwa upadri, kuanzia wenye umri wa miaka 12. Agizo hilo lilitumia vitenzi vitatu vya Kilatini: alere, educare na instituere. Cha kwanza ni kulisha na kukuza, cha pili ni kulea, na cha tatu tu ndicho kinachogusa taaluma za Kanisa. Kwa hiyo tangu mwanzo seminari ilikuwa zaidi ya darasa. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu jambo hili, Optatam Totius ya tarehe 28 Oktoba 1965, ilitaja katika kichwa chake institutio ya kipadri. Formatio ndilo lililoshika usukani baadaye, hasa baada ya Papa Yohane Paulo wa Pili kutoa Pastores Dabo Vobis tarehe 25 Machi 1992 na kueleza pande nne za jambo hilo: utu, roho, akili na uchungaji. Mwongozo wa Roma wa tarehe 8 Desemba 2016 ulizishika pande hizo hizo na kuzipanga kwa hatua, kuanzia kipindi cha maandalizi kabla ya falsafa hadi wakati wa ushemasi. Kanuni ya 250 ya Sheria ya Kanisa inadai miaka sita kamili ya falsafa na teolojia, au taalimungu kama wanavyopenda kusema Watanzania. Ukiongeza maandalizi na kazi ya parokiani, kijana hukaa mikononi mwa walezi wake miaka minane au tisa, na kwa muda huo wote yuko mtu anayemjua kwa jina, kwa tabia na kwa udhaifu wake.

Mfasiri aliyekutana na formatio alikuwa na njia kadhaa. Forma ni umbo, na formare ni kutia kitu umbo. Angesema uundaji, msomaji angefikiria karakana. Angesema mafunzo, angekuwa amechukua upande wa akili na kuziacha tatu nyingine, kwa kuwa mafunzo hukamilika pale mtu anapojua kitu au kuweza kazi fulani. Dereva hupata mafunzo, na hakuna anayeuliza kama udereva umembadilisha moyo. Malezi yanauliza swali hilo hilo. Yanahusu mtu mzima kabisa, yanachukua muda, na juu ya yote yanamdai mlezi. Huwezi kutaja malezi bila msikilizaji kutaka kujua nani anayelea. Wasomaji wa Tanzania wataongeza neno majiundo, ambalo huandikwa mara nyingi sambamba na hili, malezi na majiundo, na nitalirudia hapa chini kwa sababu lina uzito wake. Lakini neno linalobeba mzigo mkubwa, Kenya na Tanzania, ni malezi, na sina shaka kwamba waliolichagua walisikia ndani yake kile kile ambacho Trento ilisema kwa vitenzi vitatu.

Sasa tulipeleke neno hili Mashuuru. Eneo hili la Kaunti ya Kajiado limo katika Jimbo Katoliki la Ngong, lililoanza kama prefektura mwaka 1959, likawa jimbo mwaka 1976 chini ya Askofu Colin Davies wa shirika la Mill Hill, na ambalo linahudumia Kajiado na Narok, nchi pana ya wafugaji. Ndani ya kaunti hiyo hiyo upo mji wa Kitengela, ambao sensa ya mwaka 2019 iliukuta na watu zaidi ya 150,000, wengi wao wahamiaji waliofuata ajira na viwanja kando ya barabara ya Namanga. Mlei wa Kitengela anayetaka kusoma teolojia anaweza kufika Lang'ata, Nairobi, kwa matatu. Huko kipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1984 na AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki, kipo chuo cha Tangaza, na ipo seminari kuu ya Mtakatifu Thomas wa Akwino. Mashuuru hali ni nyingine. Boma moja liko mbali na jingine, padri hawezi kuwa kila kigango kila Jumapili, na ukame kama ule wa 2009 na wa 2022 huwahamisha watu pamoja na ng'ombe wao. Anayebaki na waumini, na mara nyingine anayehama nao, ni katekista. Ndiye anayewaandaa wakatekumeni, ndiye anayeombea wagonjwa na kuongoza maziko, na ndiye anayeulizwa maswali magumu ya ndoa ya wake wengi, maswali ambayo profesa wa Lang'ata angeyafikiria mara mbili kabla ya kuyajibu. Mtu wa kazi hiyo tukisema amepata mafunzo, tena ya siku mbili, tumekubali jambo ambalo tusingelikubali kamwe kwa padri.

Wala Kanisa halijaruhusu kipimo hicho cha nusu. Hati ya utume wa walei, Apostolicam Actuositatem, ilitolewa tarehe 18 Novemba 1965, majuma matatu baada ya ile ya seminari, na sura yake ya sita yote inahusu formatio ya walei. Kanuni ya 229 inasema mlei ana wajibu na haki ya kupata mafundisho ya imani kwa kadiri ya uwezo wake, na ana haki ya kusoma taaluma takatifu katika vyuo vikuu vya Kanisa hadi kupata shahada. Christifideles Laici ya tarehe 30 Desemba 1988 inatumia neno lile lile kwa walei katika sura yake ya mwisho. Na tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko, kwa Antiquum Ministerium, aliifanya kazi ya ukatekista kuwa huduma rasmi ya kudumu, akataka watakaoipokea wawe wamepata formatio ya Biblia, ya teolojia, ya uchungaji na ya ufundishaji. Kilatini kina neno moja kwa mseminari na kwa katekista. Ni sisi tulioligawa wakati wa kutafsiri, na sidhani kwamba kuna aliyekaa chini akaamua hivyo.

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili kusikilizwa. Malezi, wanasema wengine, ni ya watoto. Trento yenyewe ilikuwa na wavulana wa miaka 12 akilini. Kumwambia mzee wa Mashuuru mwenye wajukuu kwamba anahitaji malezi ni kumvunjia heshima, na tena ni kumrudisha mlei chini ya padri kama mwana chini ya baba. Lugha yenyewe hailikubali pingamizi hili. Kiswahili humwita mlezi mtu anayesimama nyuma ya watu wazima: kwaya ina mlezi, chama cha akina mama kina mlezi, na hakuna anayehisi amefanywa mtoto. Upande mwingine methali yasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, kwa hiyo kulea huanza hata kabla mtoto hajazaliwa, na hakuna umri uliowekwa wa kukoma. Wamaasai nao wana jibu lao. Morani ni mtu mzima mwenye nguvu na jina, lakini rika lake lina wazee wa olpiron, wa rika la pili juu yake, wanaowajibika kwa mwenendo wake hadi aingie uzee. Wazee hao hawamdharau. Wanamhesabu kuwa wao. Kimaasai kina pia kitenzi aramat, chenye maana ya kuchunga na kutunza, na mtu wa Mashuuru anayejua kutunza ng'ombe wakati wa kiangazi haelewi utunzaji kama jambo la kitoto. Padri Frans Mol wa Mill Hill, aliyechapisha kamusi yake ya Kimaasai mwaka 1978, alituachia njia ya kuyafuatilia maneno kama haya, na wafasiri wa Kanisa wangefanya vyema kuipitia zaidi.

Ng'ambo ya mpaka, Loliondo nchini Tanzania, uko ushahidi mwingine. Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu, aliacha katika miaka ya 1960 utaratibu wa kuwafikia Wamaasai kupitia shule na zahanati, akaenda kuzungumza na watu wazima katika maboma yao, juma baada ya juma, kwa karibu mwaka mmoja kwa kila jumuiya. Kitabu chake cha mwaka 1978, Christianity Rediscovered, kimepingwa kwa mengi, na baadhi ya ukosoaji huo ni wa haki, hasa kuhusu kilichofuata baada ya ubatizo. Kwangu udhaifu huo wenyewe unathibitisha hoja: mwaka wa mazungumzo ulikuwa mwanzo wa malezi, na pale ambapo mwanzo haukuendelezwa, jumuiya zilibaki bila wa kuzilea.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa majiundo. Neno hili lina kiambishi cha kujirejea: mtu anajiunda. Pastores Dabo Vobis, katika aya ya 69, inafundisha kwamba mseminari mwenyewe ni mtendaji asiyeweza kubadilishwa na mwingine katika malezi yake, na kwamba malezi yote mwishowe ni kujilea. Mbona basi tusitumie majiundo kwa wote, na kuepuka harufu ya utoto? Nalikubali neno hilo, na ningefurahi kulisikia zaidi Kenya, ambako ni geni masikioni mwa wengi. Lakini likisimama peke yake linamficha mlezi. Katika mji wenye maktaba na vyuo, kumwambia mtu ajiunde kunaweza kuwa heshima. Mashuuru, pasipo na duka la vitabu vya dini, ambako Biblia nzima kwa Kimaasai ilipatikana mwaka 1991 tu, kumwambia katekista ajiunde ni kumwacha peke yake. Hati ya Ecclesia in Africa ya mwaka 1995 ililieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Katika familia mtu hukua kwa juhudi yake, na bado yuko aliyemlea. Ndiyo maana Watanzania walifanya vyema kuyaweka maneno hayo mawili pamoja.

Litabaki pingamizi la fedha na muda. Mlei ana mifugo, ana watoto, hawezi kukaa miaka minane Lang'ata, na jimbo la wafugaji haliwezi kumlipia. Ni kweli, na kama malezi yangekuwa na maana ya bweni na ada, mjadala ungeishia hapo. Ila bweni ni chombo tu cha malezi. Kiini chake ni zile pande nne na mtu anayewajibika kwa muda mrefu. Hapa ndipo neno linapofanya kazi katika vikao vya halmashauri ya parokia. Ukiandika semina katika bajeti, utaulizwa tarehe, idadi ya washiriki na gharama ya chakula, na jioni ya siku ya pili kazi imekwisha. Ukiandika malezi ya makatekista, utaulizwa nani mlezi wao, anawatembelea mara ngapi, katika lugha gani, na nani anayemsikiliza katekista aliyefiwa au aliyegombana na wazee wa kigango chake. Maswali hayo hayahitaji jengo. Yanahitaji padri, mtawa au katekista mkongwe aliyepewa kazi hiyo kwa jina, na muda wa kuifanya. Semina zitaendelea kuwepo, na ziwepo, kama sehemu ya upande wa akili. Huduma ya ukatekista iliyotangazwa mwaka 2021 inamsubiri katekista wa Mashuuru kama inavyomsubiri wa Kitengela, na sharti la kuipokea ni formatio, neno lile lile linalodaiwa kwa kijana aliye seminarini.