Waamuzi Waliopotea

Katika Kanisa kuu la Mtakatifu Bavo, mjini Gent, nchi ya Ubelgiji, mna picha mashuhuri ya Mwana-Kondoo wa Mungu, iliyomalizwa na Jan van Eyck mwaka 1432. Imechorwa juu ya mbao nyingi zilizounganishwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili 1934 mbao mbili ziliibwa: ule wa Yohane Mbatizaji na ule wa Waamuzi Wenye Haki. Kisha Askofu akaletewa barua: lipeni franka milioni moja. Ili asadikiwe, mwizi aliurudisha ubao wa Yohane. Aliuacha stesheni ya gari la moshi huko Bruxelles, pale wasafiri wanapowekesha mizigo! Akapewa franka 25.000 tu, akanung'unika.

Tarehe 25 Novemba mwaka huohuo, Bwana Arsène Goedertier wa Wetteren, mtu wa kuheshimiwa, alikuwa kufani. Akamwita mwanasheria wake, akamwambia: mimi peke yangu najua picha iliko. Kabla hajapataja mahali, akakata roho.

Katika karatasi zake zikakutwa nakala za barua zile. Moja, ambayo haikupelekwa, ilisema ubao uko mahali ambapo hata yeye hawezi kuutoa bila watu kumwona. Basi, tunajiuliza sisi, ni mahali gani hapo? Na je, aliiba mwenyewe, au alificha siri ya mwingine? Wengi wametafuta, hata ndani ya kanisa lenyewe. Waamuzi hawajaonekana mpaka leo; mahali pao pamewekwa picha ya kuigwa, kazi ya Jef Van der Veken.