Dripu ya mbio na somo lililotoka Muheza

Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka Pangani kikitokea Umasaini, njia moja na misafara ya biashara, kisha kikavuka hadi Unguja. Dk. James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja, aliifuatilia safari ya ugonjwa huo na kuitolea kitabu mwaka 1876. Bonde la Mto Pangani, ilipo Korogwe ya leo, lilikuwa mlango wa misafara hiyo, na Uzigua ya Handeni iko ng'ambo tu.

Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa, nayo hutoka na chumvi na potasiamu. Damu hupungua mishipani, figo hugoma, misuli hukakamaa. Tiba yake ilishajaribiwa Scotland mwaka 1832, pale Thomas Latta alipoingiza maji ya chumvi kwenye mishipa ya wagonjwa, lakini madaktari wenzake wakaiacha kwa miongo mingi. Watu wa Pangani na Unguja walizikwa ilhali jibu limo kwenye majarida ya Uingereza.

Dripu ilipokuja kufika hospitali zetu ilipewa heshima ambayo vidonge havijawahi kuipata. Mpaka leo, ndugu akitoka wodini huulizwa kwanza kama mgonjwa ametundikiwa maji. Hata ORS, chumvi na sukari ya pakiti ya kuchanganya na maji ya kunywa, haikuiondoa kwenye kiti chake, ingawa mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, Dk. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya sukari na chumvi, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Sukari ndiyo inayoivuta chumvi kupenya utumbo, na maji hufuata nyuma. Tatizo ni kwamba pakiti inadai lita moja ya maji safi, na Handeni, iliyozoea kungoja maji ya bomba kuu la Handeni (HTM) kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, inajua lita hiyo ina thamani gani.

Heshima hiyo ya dripu ikavuka kipindupindu, ikawa kanuni: mtoto akiletwa ana homa kali, mikono ya baridi na mapigo ya mbio, apewe maji mengi ya mshipa, upesi. Vitabu vya Ulaya na Marekani vilisema hivyo. Hakuna utafiti mkubwa uliokuwa umeipima kanuni hiyo kwa watoto wa Afrika, katika hospitali zisizo na mashine ya kupumulia.

Kipimo kilikuja Januari 2009, katika utafiti ulioitwa FEAST, chini ya Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi. Hospitali zilikuwa sita: nne Uganda, moja Kenya, na Hospitali Teule ya Muheza, wilaya inayopakana na Korogwe. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapate maji ya chumvi kwa kasi, wengine albumini (protini ya damu) kwa kasi, wengine maji ya taratibu tu. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria.

Wengi walitarajia kundi la tatu ndilo litakaloumia. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 7.3 ya watoto wa maji ya taratibu, na takriban asilimia 10.5 katika kila kundi la maji ya kasi. Uchambuzi uliotoka 2013 ulionyesha kuwa vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa, kuliko mapafu au ubongo kujaa maji kama ilivyodhaniwa.

Tofauti ya maji ya kasi na ya taratibu, kitandani, ni ndogo kuliko inavyosikika. Mtoto wa kilo 10 kwa maji ya taratibu hupata kama mililita 40 kwa saa. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 13 hivi kwa dakika. Kwa kasi ya FEAST angepewa 200 au zaidi ndani ya saa ya kwanza. Kati ya kiasi hiki na kile kuna kigurudumu kidogo cha plastiki kwenye mpira huo na kidole cha nesi, ambaye usiku huenda anaangalia wodi nzima peke yake. Kwa maoni yangu historia ya tiba imewasifu mno wanaoandika dozi na kuwasahau wanaohesabu matone.

Miongozo haikubadilika haraka. Wataalamu walibishana miaka kadhaa, wengine wakisema watoto wa Muheza na wa Mbale, Uganda, si kama watoto wa London. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kuwa mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko mbovu wa damu asipewe maji ya kasi. Mwenye zote tatu, yaani viungo vya baridi, damu kuchelewa kurudi kuchani kwa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya mbio, apewe kwa uangalifu, ndani ya nusu saa hadi saa nzima.

Watoto wa kuharisha, hata hivyo, hawakuingizwa kwenye FEAST. Mtoto wa umri wa zaidi ya mwaka mmoja aliyekaukiwa sana kwa kuharisha bado hupewa mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa saa mbili na nusu. Ndiyo maana nesi, kabla hajagusa kigurudumu, humuuliza mama kwanza: anaharisha?