Kagunga, Mei 2015: ufukwe mmoja, watu 50,000 (Sehemu ya 4)



Mkoa wetu ni wa mafuta. Si ya visimani, ya michikichi. Burton alipofika Ujiji Februari 1858 aliyakuta mawese, na mpaka leo ukitaja mawese Tanzania watu wanaiwaza Kigoma. Leo tunakwenda kijiji cha mwisho upande wa kaskazini kwenye ufukwe wa ziwa katika mkoa huo wa mafuta: Kagunga.

Ukipanda boti Kigoma mjini kuelekea kaskazini unapita Gombe kwa sokwe, unapita Mwamgongo, unaenda tu, mpaka unakaribia kabisa Burundi. Nyuma mlima, mbele ziwa, katikati kipande chembamba cha mchanga. Mwaka 2015 gari halikuwa linafika. Mama akikwama uchungu, barabara yake ilikuwa maji.

Sasa, tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Kesho yake maandamano yakaanza Bujumbura, na tarehe 13 Mei likaja jaribio la mapinduzi. Watu wakakimbia, na kwa wengi mlango wa karibu ulikuwa Kagunga. Walipokelewa na watu wanaoelewana nao lugha, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Makadirio ya katikati ya Mei yalifika watu 50,000 kwenye ule mchanga. Hebu fikiria, mama: 50,000, vyoo vya kijiji, na ziwa lile lile la kunywa, kuoga, kufua na kuosha nepi.

Kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 Mei UNHCR ilisema wagonjwa wanakaribia 3,000 na waliokufa ni 31. Kati ya hao 31, wakimbizi ni 29 na Watanzania ni 2.

Ile namba 2 ndiyo huwa nawaonyesha wanaosema "Warundi ndio waliotuletea". Kimelea hakiulizi kitambulisho. Kinatoka kwenye kinyesi, kinaingia majini, kinaingia mdomoni, basi. Wangewekwa pale watu 50,000 kutoka Ujiji au Dar, bila vyoo wala maji safi, hatari ingekuwa ile ile. Na msisahau kwamba wenyeji walikuwa wakichota maji hayo hayo.

Ili kuwatoa watu, ikaitwa meli yetu kongwe, MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuungwa hapa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tatizo ni kwamba Kagunga haikuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo, na boti ndogo zikawabeba watu mpaka ubavuni mwake, wajawazito na wenye watoto mgongoni wakiwemo. Ilikuwa inabeba kama 600 kwa safari. Piga hesabu mwenyewe: kwa Liemba peke yake ni safari zaidi ya 80! Wakifika Kigoma walipitia Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Kipindupindu kinaua kwa ukavu, na kwa mtoto mdogo ni suala la saa chache. Anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho yanazama, anaacha kukojoa. Dawa ya kwanza ni kurudisha maji na chumvi mwilini. Hilo lilionekana wazi mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bongaon, India. Dripu ziliisha, daktari Dilip Mahalanabis akachanganya glukosi na chumvi kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawa wananywesha kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka kama 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Ndiyo hiyo ORS unayopewa kliniki halafu unaisahau kwenye kabati!

Pakiti ikikosekana: maji safi yaliyochemshwa na kupoa lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya usawa, chumvi NUSU kijiko kidogo. Usizidishe chumvi, inaweza kumdhuru mtoto. Mpe kidogo kidogo, akitapika subiri dakika 10 uendelee. Ziwa la mama usilikatishe. Na hayo yote unayafanya MKIWA NJIANI kwenda kituoni, si badala ya kwenda.

Juni 2015 wakimbizi wa Nyarugusu walipewa chanjo ya kipindupindu ya kumeza. Hiyo nitaieleza Jumatano, kwa sababu maswali ya "chanjo ya mdomo inafanyaje kazi" yamekuwa mengi inbox. Wenye wazazi Kagunga, Mwamgongo au Bugamba, waulizeni mwaka ule walikuwa wanachota maji wapi, mniandikie hapa chini.