UZI: Kabla hatujabishana kuhusu nyuklia, tuulize chuma kitapimwa na nani

1/ Mjadala wa nyuklia Kenya huishia palepale: huyu anasema ni salama, yule anasema tutaisha. Mimi nasomea sayansi ya siasa, niko hapa Gataka, na naona kuna swali tunaliruka. Historia kidogo, twende.

2/ Moyo wa mtambo wa nyuklia hukaa ndani ya mtungi wa chuma, ukuta wake unene wa karibu sentimita 20. Mtungi huo haubadilishwi kama betri. Ukichoka, mtambo umekwisha.

3/ Na unachoka. Nyutroni zikiupiga miaka nenda miaka rudi, chuma kinaacha kujipinda na kuanza kupasuka kama kioo. Ufa mdogo unaweza kukimbia. Chuma chenye shaba ndani yake huharibika haraka zaidi.

4/ Kwa hivyo vipande vya chuma hichohicho huwekwa ndani ya mtungi tangu mwanzo, karibu na moyo kuliko ukuta wenyewe. Vinazeeka mbele ya ukuta. Vikitolewa, maabara inavigonga kwa nyundo au kuvivuta hadi vivunjike, na onyo linapatikana mapema.

5/ Sasa siasa. Mtambo wa Yankee Rowe, Massachusetts, ulianza 1960. Vipimo vya vipande viliachwa mapema. 1991 shirika la kiraia, Union of Concerned Scientists, likadai uzimwe, manake hakuna aliyeweza kuthibitisha hali ya mtungi. Ulizimwa Oktoba mwaka huo. Februari 1992 wenyewe wakaamua hauwashwi tena.

6/ Ona vizuri: hakuna kitu kilichopasuka. Kilichokosekana ni ushahidi.

7/ Marekani hiyohiyo, hadi 1974, tume moja ilikuwa inapigia debe nyuklia na papo hapo kuikagua. Ikabidi igawanywe. Sisi tulitenganisha kwa sheria za 2019: NuPEA inaendeleza, KNRA inakagua. Kwenye karatasi iko sawa.

8/ Lakini watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana 2024 wakisema hawakusikizwa. Sasa Siaya inatajwa. Kama hatuambiwi mambo ya ardhi, tutaambiwa ya chuma?

9/ Kwa hivyo mwanasiasa akija na nyuklia, awe anaunga au anapinga, muulize: vipande vitavunjwa na nani, na ripoti tutaisoma wapi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari. Tuidai kabla msingi haujachimbwa.